Jinsi ya kutengeneza sentabodi mpya kwa dingi ya zamani

Dingi ni mashua ndogo ya matanga, na nyingi za mbao zinazotweka mpaka leo zilichorwa katika miaka kumi na kitu baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Jack Holt wa Uingereza alichora aina iitwayo GP14 mwaka 1949 na Enterprise mwaka 1956. Ian Proctor akaleta Wayfarer mwaka 1957. Zilijengwa kwa maelfu, nyingi kwa plaiwudi, na baadhi zilijengwa na wenyewe nyumbani. Miili yake imedumu kuliko wengi walivyotarajia. Kinachotangulia kufa ni sentabodi, yaani ule ubao unaoshushwa majini kupitia kisanduku kilicho katikati ya mashua. Ubao huo hukaa gizani, nusu umelowa nusu mkavu, husuguliwa na mchanga kila mashua inapovutwa ufukoni, na hakuna anayeutazama mpaka siku unapogoma kushuka.

Kazi yake ni kuizuia mashua isisukumwe upande. Jahazi lina mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, ulio mrefu, na mwili uliozama. Dingi ina tumbo bapa linaloteleza juu ya maji, hivyo bila ubao huo huwezi kupiga bisha, yaani kwenda mshazari kuupandia upepo: gubeti, pua ya mashua, utaielekeza kisiwa cha Bongoyo, lakini upepo utakuburura demani, kule unakoelekea, na Bongoyo itazidi kuwa mbali. Ubao uliopinda, uliovimba au uliokatika ncha huleta balaa hilohilo kwa kiasi chake. Mashua inakwenda, ila kila bisha unapoteza mita ambazo wenzako hawapotezi, na unajilaumu kwa usukani wakati kosa liko chini ya maji.

Mwongozo huu ni wa sentabodi ya mbao inayozunguka kwenye pini. Jambo ninalotaka ulishike tangu mwanzo ni hili: usinakili ubao wa zamani. Mafundi wengi huulaza juu ya mbao mpya, wakazungusha penseli, wakakata. Lakini ubao wa zamani umevimba, umelika, pengine umewahi kuchongwa upya, na katika mashua ya miaka 50 au 60 huenda si ubao iliyozaliwa nao. Kipimo cha kweli kiko kwenye kisanduku.

Kupima kisanduku

Laza mashua ubavu juu ya matairi au magunia ya mchanga. Toa pini, toa ubao. Safisha mwanya kwa kipande chembamba cha mbao ulichokizungushia msasa; kwa mashua iliyokaa majini utakuta chaza wadogo wamejishikiza ndani, na hao peke yao wanaweza kula milimita 2 kila upande.

Sasa chonga kabari ndefu, unene wa milimita 15 ncha moja na 35 ncha nyingine. Iingize kwenye mwanya mpaka ikwame, piga alama ya penseli, itoe, upime unene wa kabari pale penye alama. Fanya hivyo mbele, katikati na nyuma, kwa chini kwenye mkuku na kwa juu ndani ya mashua. Kabari hupima mdomo tu. Kuta za visanduku vya zamani mara nyingi hujipinda kuingia ndani katikati, kwa hiyo tafuta pia kipande cha plaiwudi chenye unene unaoujua, kirefu kupita kimo cha kisanduku, ukipitishe kutoka chini hadi juu mahali pote. Kikikwama, ongezea kwenye daftari.

Chukua kipimo kidogo kuliko vyote ulivyopata, ondoa milimita 3. Huo ndio unene wa ubao ukiwa umekamilika, na faiba yake (kitambaa cha nyuzi za kioo) na rangi yake. Tuseme mahali pembamba kuliko pote ni milimita 28: ubao uliokamilika uwe 25, na mbao yenyewe kabla ya faiba iwe 24. Nitatumia namba hizo hadi mwisho.

Ukikuta mwanya wote ni milimita 10 au pungufu, simama hapo. Mashua yako ilichorwa kwa bamba la chuma, si ubao. Baadhi ya dingi za kusafiria zina bamba la chuma lililopigwa zinki, na uzito ule ni sehemu ya uthabiti wa mashua. Mbao nyembamba kiasi hicho itavunjika, na hata isipovunjika mashua itakuwa nyepesi chini kuliko alivyokusudia mchoraji. Tafuta bamba la unene uleule.

Baada ya upana, pima mahali pa pini: umbali wake kutoka chini ya mkuku, na kutoka ukuta wa mbele wa kisanduku. Pima kipenyo cha pini. Tazama matundu ya kisandukuni pia. Yakiwa yamekuwa ya umbo la yai, ubao mpya utacheza kama wa zamani ulivyocheza, na itabidi uyazibe na kuyatoboa upya.

Kisha tengeneza kigezo kwa hadibodi au boksi gumu. Hapa ubao wa zamani unasaidia kwa umbo la jumla, au mchoro wa chama cha aina ya mashua yako kama unaupata. Kifunge kigezo kwenye pini na ukizungushe. Kikipandishwa, kiingie chote bila kuchungulia chini ya mkuku. Kikishushwa, kichwa chake kibaki ndani ya kisanduku kwa kina cha kutosha, maana sehemu hiyo ndiyo inayobeba nguvu zote za ubao. Kisiguse ukuta wa mbele popote njiani. Mahali kinapogusa, kata kigezo, si kisanduku. Ikiwa unashindana, soma kanuni za aina ya mashua yako kabla ya kukata mbao yoyote, kwa sababu umbo na unene mara nyingi vimewekewa mipaka.

Kuchagua mbao

Plaiwudi ni rahisi, lakini siipendi kwa sentabodi. Karibu nusu ya tabaka zake nyuzi zinakwenda kwa upana wa ubao, na hizo hazisaidii chochote ubao unapopindwa. Vipande vya mbao vilivyoungwa na nyuzi zote zikaelekea juu hadi chini vina nguvu zaidi kwa unene uleule. Ukiamua kutumia plaiwudi, iwe ile hasa ya kujengea mashua. Ile inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi kwa jina la marini bodi, yenye uso mweusi unaong'aa, ni ya kumwagia zege. Ina matundu kati ya tabaka, na maji yakishaingia kwenye tundu moja ubao wote umekwisha.

Kwa mbao ngumu za huku kwetu, chaguo langu la kwanza ni mkangazi. Ni mwepesi kiasi, hurandika vizuri na hushika gundi bila matata. Mninga umetulia kabisa: hupungua na kuvimba kidogo sana, na hilo ni jambo kubwa ndani ya mwanya mwembamba. Mvule unafaa pia, ingawa ni mzito na vumbi lake huwasha pua na macho ya watu wengi, kwa hiyo vaa barakoa. Mtiki una mafuta. Futa kwa asetoni muda mfupi kabla ya kupaka gundi, la sivyo viungo vitaachia. Mkaratusi usiuguse kwa kazi hii, unajisokota.

Lolote utakalochagua, liwe kavu kwelikweli. Mbao iliyotoka jana kwenye msumeno ukiiziba kwa epoksi, gundi ya maji inayokauka kwa kuchanganywa na dawa yake, umefungia maji ndani. Iweke kivulini, juu, ikiwa imetenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite, kwa wiki kadhaa. Na nunua kutoka kwa muuzaji mwenye karatasi za misitu. Mninga na mvule vinakatwa hovyo, na mzigo usio na kibali unaweza kukamatwa barabarani ukiwa tayari umeulipia.

Kuunga vipande

Pasua mbao kuwa vipande vya upana wa milimita 40 hadi 50, unene milimita 27 hivi ili ubaki na ziada ya kuranda. Vipange kwenye meza halafu angalia ncha zake, pale zinapoonekana duara za ukuaji wa mti. Geuza kipande kimoja duara zielekee juu, kinachofuata zielekee chini, na kuendelea hivyo. Mbao hupinda kufuata duara hizo, na vipande vilivyopishana huvutana hadi kila kimoja kikamzuia jirani yake.

Epoksi ndiyo gundi ya kazi hii. Mafundi wengi wa faiba pwani wamezoea resini ya polista, ambayo ni nafuu na inafaa kwa boti za faiba tupu, lakini juu ya mbao haishiki vya kutosha na baada ya misimu michache huanza kubanduka. Ukizoea polista, kumbuka pia kwamba kule unaweza kupunguza au kuongeza dawa ili ikauke haraka au polepole. Epoksi haikubali hilo. Kipimo cha hadina, yaani dawa yake ya kukaushia, kilichoandikwa kwenye kopo kifuatwe kama kilivyo. Ukizidisha, haitakauka haraka, itabaki laini milele.

Joto letu ni adui mwingine. Kila joto linapopanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, muda wa kuifanyia kazi epoksi hupungua karibu nusu. Changanya kidogokidogo, na ukishachanganya imwage kwenye sinia pana badala ya kuiacha kikombeni, maana ikirundikana inajipasha yenyewe na inaweza kufuka moshi. Fanya kazi hiyo asubuhi mapema, na kama kuna hadina ya polepole dukani, nunua hiyo.

Paka kwanza epoksi tupu pande zote mbili za kila kiungo, iache inyonywe. Halafu changanya nyingine, iongezee unga wa silika au unga laini wa mbao mpaka iwe nzito kama siagi ya karanga, paka, na ubane kwa klampu. Tandika nailoni chini ili ubao usigandie meza. Usibane kwa nguvu zako zote: kiungo cha epoksi kinataka gundi ibaki ndani, na ukiikamua yote unaacha kiungo kikavu. Hakikisha kwa rula ndefu kwamba ubao umelala sawa kabla gundi haijashika. Uliopinda hapa utabaki umepinda.

Baada ya siku moja, randa pande zote mbili hadi milimita 24, kisha kata umbo kwa kufuata kigezo. Acha milimita 2 nje ya mstari kwa ajili ya kumalizia.

Kuchonga kingo

Hapa ndipo ubao unapata uhai au unabaki kuwa kipande cha mlango. Ubao bapa wenye kingo za mraba huburuta maji nyuma yake na hupoteza mshiko mapema mashua inapokwenda joshi, yaani kuelekea upepo unakotoka, kwa mwendo mdogo. Umbo linalotakiwa ni la tone: mviringo mbele, nene kuliko pote karibu theluthi ya kwanza, kisha linapungua polepole hadi ukingo mwembamba nyuma. NACA, taasisi ya Marekani ya utafiti wa ndege iliyotangulia NASA, ilichapisha mwaka 1933 familia ya maumbo ya aina hii, na mpaka leo wachongaji wa sentabodi na sukani huyatumia.

Kwanza piga mstari kuonyesha mahali ubao unapotoka chini ya mkuku ukiwa umeshushwa kabisa. Juu ya mstari huo usichonge kitu. Sehemu inayobaki kisandukuni lazima iwe bapa na nene kama ulivyoipima, ili ishikwe pande zote mbili. Chini ya mstari ndiko kwa kuchonga, na mpito kati ya sehemu mbili uwe wa taratibu, milimita 50 au zaidi. Ukiukata ghafla unatengeneza mahali pa kuvunjikia, tena palepale ubao unapobeba mzigo mkubwa kuliko pote.

Chukua ubao wenye upana wa milimita 300 na unene wa 24. Namba ya kwanza ni umbali kutoka ukingo wa mbele, ya pili ni kiasi cha kuondoa kila upande, zote kwa milimita:

7.5: ondoa 6.8
15: ondoa 4.9
30: ondoa 2.6
60: ondoa 0.5
90: usiondoe kitu
120: ondoa 0.4
150: ondoa 1.4
180: ondoa 2.9
210: ondoa 4.7
240: ondoa 6.8
270: ondoa 9.1
285: ondoa 10.4

Kama upana wa ubao wako ni tofauti, badili umbali kwa uwiano: milimita 90 ni asilimia 30 ya 300, kwa hiyo kwenye ubao wa 260 mahali panene ni milimita 78. Kama ubao unapungua upana kuelekea ncha, unene nao upungue kwa uwiano uleule.

Usianze kuchonga tao. Anza na nyuso bapa, kwa sababu uso bapa macho na randa vinauona vizuri. Chora mstari wa katikati kuzunguka kingo zote za ubao kwa kikwaruzi cha seremala, ukikwaruza kutoka nyuso zote mbili ili uhakikishe ni katikati kweli. Mstari huu usipotee mpaka mwisho wa kazi. Upande wa nyuma, chora mstari wa urefu kwenye uso wa ubao umbali wa milimita 150 kutoka mbele, na kwenye ukingo wa nyuma chora mistari miwili inayoacha milimita 3 katikati. Randa mteremko ulionyooka kutoka mstari wa 150 hadi mstari wa ukingoni. Geuza, fanya upande wa pili. Mteremko huo haugusi umbo la mwisho popote, unaacha kama nusu milimita au zaidi ya kumalizia, kwa hiyo unaweza kuranda kwa ujasiri. Mbele fanya vivyo hivyo: mstari kwenye uso umbali wa milimita 45, na ukingoni acha milimita 12 katikati, uondoe 6 kila upande.

Baada ya hapo vunja kila pembe iliyobaki kwa mteremko mdogo, kisha pembe zilizozaliwa nazo uzivunje tena, mpaka ufike kwenye tao. Sasa unahitaji vigezo. Kata umbo la nusu ya tone kwenye plaiwudi nyembamba kwa kutumia namba za juu, kipande kimoja cha sehemu ya mbele na kimoja cha sehemu yote. Kigezo kilekile kitumike pande zote mbili za ubao. Kosa la nusu milimita lililo sawa pande mbili halina madhara makubwa. Kosa la nusu milimita upande mmoja tu hufanya mashua ipige bisha vizuri kwenda kulia na vibaya kwenda kushoto.

Kwa kumalizia, chora mistari ya penseli ovyoovyo juu ya uso wote, halafu piga msasa uliogandishwa kwenye ubao mrefu mwepesi unaopinda kidogo. Penseli inapobaki ni bonde, inapofutika kwanza ni kilima. Funga macho upitishe kiganja. Mkono unakamata mawimbi madogo ambayo jicho linayapita. Ukingo wa mbele uwe wa mviringo wa yai. Watu wengi huuchonga mkali kama kisu wakidhani utapasua maji, lakini ukingo mkali unahitaji mashua ielekezwe sawasawa muda wote. Ikiyumba kidogo tu, maji yanaachana na ubao na mshiko unapotea.

Tundu la pini

Tundu likitobolewa moja kwa moja kwenye mbao, maji yanapitia humo kuingia kwenye nyuzi, mbao inavimba kuzunguka pini, na ubao unakwama ukiwa umepandishwa. Sentabodi nyingi za zamani ninazoziona zimeanzia kuoza hapo.

Kwa pini ya milimita 12, toboa tundu la milimita 25. Paka epoksi tupu ndani ya kuta zake mara mbili. Ziba chini kwa utepe wa karatasi wenye gundi, jaza epoksi iliyochanganywa na silika na nyuzi za faiba zilizokatwakatwa, kwa awamu mbili kama siku ni ya joto. Ikishakauka kabisa, weka kigezo chako juu, piga alama mahali halisi pa pini, toboa milimita 12.5 ukihakikisha keekee imesimama wima. Sasa pini inazunguka ndani ya pete ya epoksi na haikutani na mbao hata kidogo.

Faiba, epoksi na rangi

Kitambaa cha faiba cha gramu 200 kwa mita ya mraba kinatosha, tabaka moja kila upande. Kikilowa epoksi kinaongeza karibu robo milimita, ndiyo maana tuliacha nafasi. Kitambaa hakipendi kona kali, kwa hiyo hakikisha kingo zote zimeviringwa kwanza, isipokuwa ule wa nyuma. Kata cha upande wa kwanza kiwe kikubwa kuzidi ubao ili kizunguke ukingo wa mbele kwa milimita 25. Paka epoksi kwenye mbao, tandika kitambaa, kisukume kwa kipande cha plastiki laini kutoka katikati kwenda nje mpaka weupe wote upotee. Weupe unaobaki ni hewa. Siku inayofuata punguza mabaki, piga msasa pale kitambaa kilipoishia, fanya upande wa pili. Ukingo wa mbele utapata tabaka mbili, na ndiko unakohitaji, maana huko ndiko kunakopiga miamba.

Ukingo wa nyuma ulioachwa milimita 3 ni dhaifu ukiwa mbao tupu. Njia nzuri ni kuondoa milimita 6 hivi za mbao hapo na kuziba kwa epoksi nzito yenye nyuzi za faiba, kisha kuchonga umbo upya. Kazi ni ya mchana mmoja tu, na ukingo hautachanika tena.

Ongeza tabaka mbili au tatu za epoksi tupu. Ikiwa moja imekauka kabla hujapaka inayofuata, hasa msimu wa unyevu mwingi, utahisi utelezi kama nta juu yake. Huo hautoki kwa msasa, msasa unausambaza. Osha kwa maji safi na kitambaa cha kusugulia, kausha, ndipo upige msasa. Vaa glavu kila unaposhika epoksi mbichi na barakoa kila unapoisugua iliyokauka. Mzio wa epoksi ukikupata hauondoki.

Jua linaila epoksi, kwa hiyo lazima ifunikwe. Vanishi inaonyesha mninga ulivyo mzuri, na naelewa anayeitaka, lakini mimi napendekeza rangi nyeupe. Ubao mweusi au wa rangi ya mbao ukiachwa ufukweni adhuhuri hupata joto la kulainisha epoksi, na ukiwa umeegemezwa ukuta utapinda huku unautazama.

Kuelea na kuzama

Mbao huelea, na ubao mpya utataka kupanda juu. Ubao wa mkangazi wenye ujazo wa lita 8 una uzito wa kilo 4.5 hivi, lakini unasukuma nje maji ya bahari ya kilo 8.2. Tofauti ya kilo 3.7 ndiyo nguvu inayouinua. Ili usielee tu, ungehitaji kupachika karibu kilo 4 za risasi karibu na ncha. Dingi nyingi hazikuchorwa hivyo, zinatumia kamba ya kushusha au mpira wa kuvuta, na ni bora ufuate alivyokusudia mchoraji. Kama ubao wa zamani ulikuwa na risasi, usiyeyushe na kuimimina ndani ya mbao: unyevu kidogo ukikutana na risasi ya moto hulipuka na kurusha matone usoni. Panga chubwi za kuvulia kwenye shimo ulilolitoboa, jaza epoksi nzito kuzunguka kwa awamu.

Kurudisha mahali pake

Pini iwe chuma cha pua au bronzi, na kila upande iwe na washa ya mpira iliyolala kwenye kisanduku, kisha washa ya chuma, kisha nati. Kaza mpaka mpira ufinyike, si mpaka kuta za kisanduku zivutane. Ndani, kama ubao unacheza zaidi ya milimita 2 kila upande, gandisha vipande vya zulia jembamba au plastiki laini kwenye kuta karibu na mkuku, si kwenye ubao.

Chini ya mkuku, pande mbili za mwanya, fungia mikanda miwili ya kitambaa cha tanga kikuukuu, kilicho kigumu, ikutane katikati. Ubao unapita kati yake, na nyuma yake mwanya unafungwa. Bila mikanda hiyo maji huchemka ndani ya kisanduku na kuiburuta mashua, na watu husifia ubao mpya kwa kasi ambayo nusu yake ilitoka kwenye vipande hivyo viwili vya tanga.

Jaribu kwanza kwenye maji ya kina. Pandisha na kushusha mara nyingi. Nenda joshi pande zote mbili, ubao ukiwa chini kabisa, na utazame usukani: ukivuta sana kuelekea upeponi, pandisha ubao kidogo ili ncha irudi nyuma, uone kama unatulia. Ukitulia, weka alama kwenye kamba hapo. Ukisikia ubao unavuma mashua inapokimbia, tatizo liko kwenye ukingo wa nyuma. Usiuviringe. Unyooshe uwe mraba wenye kona kali, na ukizidi kuvuma, kata ukingo huo mshazari kuelekea upande mmoja kwa nyuzi 30 hivi. Mlio utakata.

Mashua ikipinduka, panda juu ya ubao karibu kabisa na mwili wa mashua, si kwenye ncha. Na kwa pwani yenye maji ya bamvua yanayopanda na kushuka zaidi ya mita 3, usiache mashua imetia nanga ubao ukiwa chini. Maji yakitoka, uzito wote wa mashua utakaa juu ya ncha yake na pini.

Mwisho wa kila msimu toa pini uitazame mwangani. Chuma cha pua kinachokaa kwenye maji yaliyotuama bila hewa hushikwa na vidimbwi vidogo vya kutu visivyoonekana kwa nje. Ukiona hata kimoja katikati ya pini, pale inapopita ndani ya ubao, nunua nyingine. Ukipata ya bronzi ya kipenyo hichohicho, chukua hiyo.